Matandazo ya Bi Shindilia

Kuna watu ukiwaambia "usiguse", mikono inaanza kuwawasha hapo hapo. Bi Shindilia alikuwa mmoja wao, na wala asingebisha. Kwa miaka thelathini na minane alishona magodoro, ya pamba na ya sufi, na katika miaka yote hiyo hakuna mteja aliyerudi kulalamika kwamba godoro lake limebonyea. Jina lenyewe alipachikwa na wateja. Alikuwa anapiga goti juu ya godoro, anasukuma pamba kwa ngumi mpaka pembeni kabisa, anaongeza, anasukuma tena, na mtu akithubutu kumwambia, "Bi mkubwa, si limeshajaa hilo?" alimjibu bila kuinua kichwa, "Kwako limejaa. Kwangu bado."

Basi magodoro ya sponji yakaja, magoti nayo yakaanza kugoma, akafunga karakana yake na kuhamia kwa mwanawe. "Sasa pumzika, mama," mwanawe akamwambia. Pumzika! Mtu aliyezoea kazi ukimwambia apumzike umemtukana, ila kwa adabu. Wiki ya kwanza tu akafumua mito yote ya makochi na kuijaza upya. Ikajaa, jamani, ikajaa mpaka ukikaa unateleza. Mwanawe, fundi umeme mwenye miraba yake minne, akawa anaangalia taarifa ya habari huku ameng'ang'ania mkono wa kochi asije akajikuta sakafuni.

Mkwewe, mke wa huyo mwanawe, hakusema kitu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alifanya kazi kwenye maabara ya kupima maji, na kila kitu nyumbani kwake kilibandikwa karatasi yenye maandishi: kopo la sukari, kopo la chumvi, hata maziwa yaliandikwa siku yaliyofunguliwa. Kwenye dirisha la jikoni alipanga vikopo ishirini na vinne vya mtindi, kila kimoja na namba yake, na ndani ya kila kimoja mche wa nyanya. Mbegu zilitoka kwao. Mama yake alizikausha kwenye karatasi ya daftari akampa siku alipoolewa, na hizo ishirini na nne ndizo zilizokuwa za mwisho.

Mkwewe huyo alikuwa mjamzito wa miezi sita, na hapo ndipo penye hadithi yenyewe. Bi Shindilia alitaka kumlea huyo mtoto. Alitaka mpaka akawa hawezi kupita karibu na kamba iliyoanikwa nguo za watoto wachanga bila kusimama. Lakini hakutamka, kwa sababu alitaka aombwe. Mtu mzima ana heshima yake. Wiki zikapita, ombi halikuja. Mwisho uzalendo ukamshinda, akamfuata mwanawe mezani alipokuwa anafungua pasi iliyoharibika.

"Hivi mkeo akirudi kazini, mtoto atabaki na nani?"

Bisibisi ikamponyoka mwanawe. "Bado hatujaamua, mama."

"Hamjaamua, au hamjaniambia?"

"Kuna mama mmoja mtaa wa nyuma, analea watoto nyumbani kwake. Mke wangu alikwenda kumwona."

"Kwani mimi nina ukoma?"

"Mama jamani! Siyo hivyo. Ila anasema..." Akajikuna kichwa, akaona hana pa kutokea. "Anasema wewe unapenda mno kufunika. Alikuona siku ile ulipombeba mtoto wa kinyozi wa jirani. Jua linawaka, na wewe umemvika blanketi mbili na kofia ya sufu. Mtoto alilowa jasho utadhani ametoka kuoga. Anasema mama hawezi kukiacha kitu kilivyo."

Loo! Maneno yale yalimchoma Bi Shindilia kuliko sindano yoyote aliyowahi kuishika, na aliwahi kushika ndefu kama mkono. Akanyamaza. Mwanawe, alivyo na mdomo usio na kifuniko, akadhani ukimya ule ni nafasi ya kujisifu.

"Lakini nimekupigania, mama. Nimemwambia, si una safari ya kazi ya siku kumi? Mwachie mama miche yako. Ukiikuta salama, basi mwachie na mtoto. Alicheka, lakini akakubali. Ila usije ukamwambia kwamba nimekwambia!"

Hiyo ndiyo siri ya mwanamume yule. Akiambiwa asubuhi, mchana ameshaigawa.

Siku ya safari, miche ilikuwa imeshahamishwa kutoka kwenye vikopo na kupandwa nyuma ya nyumba, kwenye kipande cha ardhi kati ya ukuta na tangi la maji. Mistari minne, miche sita kila mstari, na kila mche una kijiti chenye namba. Mkwewe alisimama pale, mkoba begani, mkono mmoja juu ya tumbo.

"Maji tu, mama. Kikombe kimoja kila mche, asubuhi. Usiongeze kitu kingine."

"Maji tu," Bi Shindilia akaitikia kama mtoto wa shule.

Na alishika ahadi yake kwa siku nzima. Msicheke, kwake yeye siku nzima ilikuwa kazi kubwa.

Siku ya pili jua likamharibia. Baridi ilikuwa imefunga virago wiki ile ile, na jua likaingia bila hodi. Kufika saa sita udongo ulikuwa mweupe, umeanza kupasuka, na miche yote ishirini na minne imeinamisha vichwa. Bi Shindilia aliitazama kutoka dirisha la jikoni. Akavumilia. Akaenda kukaa sebuleni, akateleza kwenye kochi, akarudi dirishani. Miche bado imeinama. Akatoka nje kuiangalia kwa karibu, mikono nyuma, kuonyesha kwamba hana nia mbaya.

Kibanda cha kinyozi kilikuwa upande wa pili wa ukuta, na kinyozi mwenyewe alikuwa na shingo ndefu na wateja wachache, mambo mawili yanayomfanya mtu ajue sana habari za jirani.

"Hiyo inataka matandazo, Bi Shindilia," akasema juu ya ukuta. "Tafuta majani makavu uyatandaze juu ya udongo, jua lisinywe maji yote. Hata shuleni tulifundishwa."

"Nimeambiwa maji tu."

"Sasa matandazo yanauongezea mche nini? Mche huugusi. Ni kuutandikia tu pale chini."

Nani alimtuma kinyozi kutamka kutandika mbele ya mwanamke yule? Mikono ya Bi Shindilia ilianza kuwasha kuanzia viwiko. Akaitazama miche, akatazama barabarani alikoondokea mkwewe, akatazama tena miche. "Nitaweka kidogo," akasema. Na wote tunamfahamu mtu anayesema kidogo.

Nimpe haki yake lakini: katika kuchagua hakukosea. Hapo alikuwa fundi. Kinyozi alileta gunia la nywele, mavuno ya miezi miwili, akasema zinafaa sana. Bi Shindilia akatia mkono, akavuruga, akautoa.

"Nywele zinashikana. Ukizilowesha zinakuwa zulia, maji hayapiti. Na nyanya zitakazoota humu zitarudi kwako kunyolewa."

Akaenda kwa seremala wa kona, akapewa maranda, mabichi bado, yananukia mti. Akayafikicha viganjani, akatikisa kichwa. Zamani aliwahi kumjazia mtu godoro la maranda mabichi. Lilipata joto lenyewe kwa lenyewe na mteja akaamka ananuka kama kabati jipya. Akaacha. Majani mapana chini ya miti ya shule nayo akayakataa, kwa kuwa yanalaliana kama sahani na maji yanateleza juu. Mwisho akafika uwanja wa mpira. Mtunza uwanja alikuwa amekata nyasi wiki tatu nyuma na kuzirundika kwenye kona. Bi Shindilia akachota konzi, akainusa, akaiminya kwa nguvu, akaiachia. Nyasi zikainuka polepole na kurudi zilivyokuwa. Akazikung'uta juu ya kitambaa cheupe kuona kama zina mbegu. Haikudondoka hata moja.

"Hizi," akasema. Mtunza uwanja akafurahi kuondolewa takataka, akamjazia magunia matatu.

Sasa njoo kwenye kuweka. Kimo cha vidole viwili kingetosha. Vidole viwili, basi! Alianza navyo, wala sisemi uongo. Akatandaza mstari wa kwanza, akarudi nyuma kutazama, akaona udongo unachungulia pale na pale. Akaongeza. Nyasi zikakaa vibaya, akazisukuma kwa ngumi. Zikashuka. Zikishuka maana yake kuna nafasi, na kuna nafasi maana yake ongeza. Akapiga magoti, yale yale yaliyogoma, na safari hii hayakulalamika hata kidogo. Akashindilia kati ya miche, akashindilia pembeni, akazungushia kila mche nyasi mpaka shingoni, akazibana kwa vidole gumba kama anavyofunga pembe ya godoro, mpaka yakabaki majani ya juu tu yakitazama mbingu. Magunia matatu yote yaliisha. Jioni tuta lilikuwa limenyooka kila upande, nene shibiri nzima, na ungeweza kulalia.

"Duh," akasema kinyozi juu ya ukuta. "Hilo godoro, mama, ni la wawili au la mtu mmoja?"

Kesho yake saa sita, miche ilikuwa imesimama wima. Bi Shindilia aliimba jikoni siku nzima, wimbo mmoja, mstari mmoja, maana mingine alikuwa ameisahau. Mkwewe alipopiga simu, alijibiwa kwa mbwembwe.

"Miche haijambo, mama?"

"Haijambo kabisa! Imesimama kama askari."

"Na hukuongeza kitu?"

"Maji tu," akasema, na hapo hapo akapaliwa na mate. Kila asubuhi akamwagilia kikombe kimoja kila mche, kama alivyoagizwa, juu ya godoro lile zuri.

Siku ya saba mche namba kumi na moja ulikuwa umeegemea upande. Bi Shindilia akautania, "Wewe vipi, umechoka?" akaushika ili aunyooshe. Ukabaki mkononi mwake. Chini, pale penye shingo, shina lilikuwa jeusi, laini, limeoza. Akafukua nyasi kwa vidole na harufu ikampanda puani, na harufu ile hakuhitaji kuambiwa. Ni ya godoro lililolowa likafungiwa chumbani. Ukungu.

Akakaa chini, kitako, palepale.

Kwa sababu alijua, ndiyo maana. Kila godoro alilowahi kulishona alilitoboa matundu manne kila ubavu, madogo kama ya kishikizo, akayazungushia uzi kingo zake. Wateja wakiuliza ya nini, alikuwa anaweka mdomo kwenye kitambaa, anapuliza, halafu anawaambia waweke mkono upande wa pili wasikie upepo unavyotoka. "Hapo ndipo linapovuta pumzi. Godoro lisilopumua litakulaza na maradhi." Miaka thelathini na minane anawaambia watu hivyo! Na safari hii, mbele ya vitu vichanga vyenye shingo kama njiti ya kiberiti, alishindilia tu na hakuacha hata tundu moja.

"Nimemfunika," akasema kwa sauti. Akajisikia alivyosema. Hakusema nimeufunika.

Aliogopa, wala si kwa ajili ya nyanya. Aliogopa kwa kuwa mkwewe alikuwa amesema kweli tupu, na yeye mwenyewe, kwa mikono yake miwili, ndiye aliyekwenda kutafuta ushahidi kwa magunia. Akalia kidogo. Kisha akafuta pua kwa ncha ya mtandio akainuka, maana kulia hakujawahi kukausha godoro la mtu.

Aliondoa nyasi zote. Akazitandaza kwenye shuka juani, akachukua fimbo mbili akazipiga kwa zamu, kulia, kushoto, kama alivyokuwa anapiga pamba iliyogandamana, mpaka zikafumuka na kukauka. Jioni akarudisha sehemu ndogo tu, vidole viwili, akivipima kweli kila hatua. Na kuzunguka kila mche akaacha udongo wazi, duara la ngumi yake iliyofungwa, nyasi zisiguse shina. Miche kumi na saba ilikuwa mizima. Saba ilikuwa imekwenda.

"Saba tu?" kinyozi akamfariji. "Saba si kitu. Sokoni wanauza miche ya nyanya, kimo kile kile. Tunachomeka pale pale, na vijiti vyake na namba zake. Nani atajua? Nyanya ina kitambulisho?"

Ningependa kuwaambia kwamba Bi Shindilia alimfukuza. Hakumfukuza. Alimwazia yule mama wa mtaa wa nyuma akimbembeleza mjukuu wake, akasema, "Leta ambayo haijarefuka sana." Kufika siku ya kumi tuta lilikuwa na miche ishirini na minne, namba moja mpaka ishirini na nne, na hakuna jicho ambalo lingetofautisha.

Mkwewe akarudi mchana, miguu imevimba kwa safari. Baada ya salamu akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Bi Shindilia akamfuata.

"Mama, nyasi hizi! Si nilisema..." Akainama kwa shida, tumbo likimzuia, akainua nyasi kidogo akagusa udongo. Ulikuwa na unyevu mzuri. Akatazama lile duara tupu kuzunguka shina, akatazama la pili, la tatu. "Umeacha nafasi shingoni," akasema taratibu. "Kila mche." Akahesabu mstari kwa mstari, midomo ikichezacheza, akafika ishirini na nne, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo Bi Shindilia hakuwahi kuiona tangu ahamie pale.

Mezani, kabla hata chakula hakijapoa, mkwewe akaweka kijiko chini.

"Mama, kuna jambo nilikuwa nalo moyoni. Nilikuwa na wasiwasi, na nakuomba unisamehe kwa wasiwasi huo. Ningependa mtoto akae na wewe. Kama hutachoka."

Mwanawe akatabasamu mpaka masikioni, akamkonyeza mama yake. Haya, ombi ndilo hilo! Tena kwa heshima zote, kama alivyolitaka. Bi Shindilia akafungua mdomo aseme ndiyo. Tonge likamkwama. Akanywa maji, likashuka, lakini ndiyo ikakataa kutoka. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na yeye hapo alikuwa haombi kuzaa, anaomba kulea tu, na bado haikuwezekana.

"Saba si yako," akasema.

"Saba gani, mama?"

"Miche. Niliweka nyasi nene, nikashindilia, nikaziba shingo. Ikaoza. Namba tatu, nne, tisa, kumi na moja, kumi na nane, ishirini, ishirini na mbili." Alizitaja kama anayetaja majina ya watu. "Iliyoko pale kwenye namba hizo ni ya sokoni. Na kwenye simu nilikudanganya. Na nilijua kwamba unanipima, huyu aliniambia."

Mwanawe akaacha kutabasamu. Mkewe alimtazama jicho moja tu, na jicho hilo lilimwambia kwamba habari yake itasikilizwa baadaye, faragha.

Kisha mkwewe akainuka, akatoka nje. Walimsikia akitembea nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuwa na vijiti saba mkononi, akaviweka mezani mbele ya sahani ya Bi Shindilia, kimoja kimoja.

"Mbegu zilikuwa za mama yangu," akasema. "Nilikuambia maji tu." Akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Siku tatu nyumba ile iliishi kwa shikamoo na marahaba. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, chumvi hiyo hapo, ahsante. Hakuna ukali wowote, na hilo ndilo lililouma; afadhali mtu akufokee ujue mmemaliza. Bi Shindilia aliendelea kumwagilia kila asubuhi, kikombe kimoja kila mche, na ile saba ya sokoni akaimwagilia vile vile, kwa kuwa kosa halikuwa lake. Kinyozi akichungulia, anaambiwa, "Rudisha shingo yako dukani." Moyoni alikuwa ameshakubali. Mtoto ataenda mtaa wa nyuma. Atamwona jioni, na Jumapili. Alijaribu kujiambia kwamba hiyo si haba, akaona haba yenyewe ndiyo hiyo.

Siku ya nne alikuwa amekaa sebuleni, akipunguza sufi kwenye mito ya makochi ili watu wa nyumba ile wapate kukaa kama binadamu wengine, mkwewe alipoingia kutoka kazini. Chini ya kwapa alikuwa na kitu cha bluu, chembamba, kimefungwa kwenye nailoni. Akakifungua, akakilaza juu ya magoti ya Bi Shindilia. Lilikuwa godoro la kitanda cha mtoto, la sponji, limevalishwa kitambaa kinachong'aa chenye picha za bata.

"Mama, hebu niangalizie hili," akasema. "Linapumua?"

Bi Shindilia hakumtazama usoni, hakuthubutu. Akaligeuza godoro, akalibonyeza pembe, akalikunja na kuliachia. Kisha akaweka mdomo kwenye bata mmoja akapuliza. Mashavu yakajaa, hewa yote ikamrudia usoni.

"Halipumui," akasema. "Bata wote hawa watakufa."

Mkwewe akacheka. Kicheko kidogo, cha puani, lakini kilikuwa kicheko. Akajishusha kwenye kochi kando yake, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi hakuteleza.

"Yule mama wa mtaa wa nyuma nilikwenda kwake tena jana. Nikamuuliza kama amewahi kukosea na mtoto wa mtu. Akaniambia hajawahi, hata siku moja, miaka kumi na mitano." Akavua viatu, akanyoosha miguu yake iliyovimba. "Kwetu maabara, mtu akisema hajawahi kukosea, maji yake yote tunayapima upya. Niliondoka pale naogopa, mama. Nikakukumbuka ulivyozitaja zile namba."

Bi Shindilia alikuwa ameshika godoro la bata kwa mikono yote miwili. Alitaka kusema mambo mengi, yakasongamana mlangoni.

"Bado nina hasira," mkwewe akaongeza.

"Una haki, mwanangu. Kaa nayo."

"Shona wewe godoro la mtoto. Lakini usilishindilie."

"Silishindilii."

"Matundu?"

"Manne kila ubavu. Ukitaka, matano."

Alilishona kwa siku mbili, pamba safi, kitambaa cheupe, laini lakini halibonyei. Na mara tatu ngumi yake ilipotaka kusukuma, aliikalia kwanza mpaka ikatulia. Siku ya tatu asubuhi akalipeleka kwenye chumba kidogo ambako mwanawe alikuwa amemaliza kufunga kitanda. Alipofika akakuta kimeshabandikwa karatasi ubaoni, kwa mwandiko ule ule wa kwenye chumvi na sukari. Akavaa miwani.

*Jumatatu mpaka Ijumaa: Bibi. Blanketi moja.*

Akaisoma. Akaisoma tena, akalilaza godoro mahali pake, akalinyoosha kwa kiganja, na machozi yakamtoka bila kificho, mkwewe akiwa amesimama mlangoni anamtazama, mkono juu ya tumbo.

"Na siku za baridi je?" Bi Shindilia akauliza.

"Mama!"

"Nauliza tu, mwanangu. Nauliza tu."